Kelele za Kuita Umeme

Délice alikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele, na alikuwa na swali moja alilolitembeza mtaa mzima wa Kasenga: courant ikienda, inaenda wapi?

Umeme huko mjini Uvira huitwa courant, na watu huuzungumzia kama mkwe mwenye maringo. Imekuja. Imeenda. Imekuja lakini haina nguvu. Jana ilipita hapa, leo imekataa. Mtoto anayesikia maneno hayo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake atafikiri nini, kama si kwamba courant ina miguu na ina kwake?

Alianza na bibi yake, Koko Marie, aliyekuwa akichambua maharagwe.

"Imechoka," Koko akasema. "Imeenda kulala."

"Wapi?"

"Kwayo."

Kwayo ni wapi, Koko hakusema. Délice akamfuata mjomba wake Frédéric, dereva wa pikipiki, ambaye alimwonyesha taa za Bujumbura zikimeremeta ng'ambo ya ziwa na kumwambia, "Si ile kule? Imevuka. Bantu ba kule banalipa muzuri." Akamwuliza mwalimu wake wa darasa la kwanza. Mwalimu akasema "Délestage," akageukia ubao. Siku hiyo Délice alirudi nyumbani akiamini kwamba yuko mtu anayeitwa Délestage, na kwamba ni mtu mbaya.

Usimcheke. Mtu mzima akiulizwa na mtoto jambo asilolijua vizuri, hujibu upesi na kwa sauti kubwa, kisha hushangaa mtoto anapokua na mambo ya ajabu kichwani. Tunawajaza wenyewe, halafu tunawauliza wameyatoa wapi.

Basi Délice akaamua kutumia macho yake. Na macho yake, kwa bahati mbaya, yalikuwa mazuri.

Aliona hivi. Courant ikienda, avenue nzima, njia yote na nyumba zake, husema "Aaah!" kwa pamoja. Mashine ya kusaga ya Ndayiragije pale njiapanda hukata ghafla, redio ya kinyozi hunyamaza, na mtu fulani mahali fulani hutukana. Kisha watu hungoja. Wangoje hata kutwa. Halafu, kutoka avenue za chini karibu na barabara kubwa, watoto huanza: "Heee! Courant!" Kelele hizo hupanda mlima avenue kwa avenue, kama mvua inayokuja juu ya mabati. Zikifika kwao, Délice naye hupiga zake. Hapo Koko Marie huinuka kitini akishika magoti, huenda ukutani, hufungua kisanduku kidogo, huinua kitu fulani kwa kidole, hufanya ishara ya msalaba, na pa! Taa inawaka.

Haikuwahi kutokea, hata siku moja, taa ya nyumbani kwao kuwaka kabla ya kelele. Kelele kwanza, kisha maombi ya Koko, kisha mwanga. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini?

Kumbe kile kitu cha ukutani kilikuwa swichi kubwa ya nyumba, disjoncteur. Zamani kidogo, courant ilirudi kwa hasira ikaunguza televisheni ya Koko, moshi ukatoka, misa ya Pasaka ikaishia katikati. Tangu hapo, Koko hushusha swichi mara courant inapoenda, na haiinui mpaka asikie watoto. Nyumba nyingi za Kasenga hufanya vivyo hivyo. Lakini hakuna aliyewahi kumweleza Délice habari hiyo, na yeye aliuchukua ule mnyanyuo wa kidole na ile ishara ya msalaba kuwa sala moja, sala ya bibi mcha Mungu anayeshukuru.

Jambo hilo lingebaki kuwa wazo la mtoto tu, kama si vifaranga vya Tantine Fanny.

Tantine Fanny alikuwa mdogo wa mama yake Délice. Alishuka kutoka Bijombo, kule juu kwenye baridi na ng'ombe, akaja kutafuta maisha Uvira, na alilala kitanda kimoja na Délice. Ndiye aliyemfundisha kupiga mluzi, hata baada ya meno kung'oka. Ndiye pekee aliyemjibu "sijui" aliposhindwa, badala ya kumtungia. Délice alimpenda kiasi cha kumnusa nguo akiwa hayupo.

Msimu wa mvua uliopita, Tantine alinunua vifaranga, akaviweka kwenye katoni chini ya balbu ili vipate joto. Courant ikaenda, baridi ikaingia, asubuhi vyote vilikuwa vimelala upande. Tantine alilia, akavizika nyuma ya nyumba. Safari hii alivuka mwenyewe mpaka Bujumbura, akarudi na katoni ya vifaranga vipya mapajani, akiipulizia pumzi ya joto njia nzima mpaka mlangoni. Akaiweka chumbani, akaning'iniza balbu juu yake, akasema mbele ya watu wote wa nyumbani, "Hivi vikikufa tena, minye narudia Bijombo. Siwezi kulia kwa bantu kila mwaka."

Koko alicheka. Mama yake Délice alicheka. Délice hakucheka, maana Tantine hakuwa mtu wa kusema kitu asichokifanya.

Jumamosi iliyofuata mama yake alikuwa bondeni, kwenye shamba la mpunga. Tantine naye alitoka mchana kwenda kusukwa nywele kwa rafiki yake Laurette, ng'ambo ya ravini, ule mkondo mkubwa unaoikata Kasenga kutoka mlimani. Alimwita Délice kando.

"Taa ikizimika, ukuye kuniita mbiyo. Umesikia?"

"Nimesikia, Tantine."

"Weye njo mulinzi yangu."

Mlinzi akakaa kwenye kigoda mbele ya katoni, mikono magotini. Vifaranga vilikuwa vimetawanyika chini ya mwanga, vya njano, vinapiga kelele za kuridhika. Kimoja, chenye doa jeusi kichwani, kilikuwa kidogo kuliko vingine na kikilala kila mahali, hata juu ya chakula. Délice alikuwa amekifanya chake bila kumwambia mtu.

Mvua ikaja kutoka mlimani, ile ya kweli, inayofanya watu waongee kwa ishara. Nayo ilipofika katikati, balbu ikazimika.

"Aaah!" ikasema avenue nzima chini ya mabati.

Koko Marie akashusha swichi yake ukutani, akaja akatazama katoni, akaifunika kwa kitenge. Mbabula, jiko la makaa, ilikuwa nje, imejaa maji. Makaa nayo yalikuwa nje. Koko akatikisa kichwa.

"Naenda kumwita Tantine," Délice akasema.

"Kuvuka ravini na hii mvua? Iko nasikia vile inanguruma? Batoto babili balienda na maji mwaka jana. Hapana. Tungoje."

Baridi ilikuwa imemshika Koko kwenye magoti, kwa hiyo akarudi kitandani na blanketi. Mvua ikapungua, ikaisha, lakini ravini iliendelea kunguruma. Délice akafunua kitenge. Vifaranga vilikuwa vimejibana kwenye kona moja, kimoja juu ya kingine, na sauti yao ilikuwa imebadilika. Ilikuwa nyembamba sasa. Chenye doa jeusi kilikuwa nje ya kundi, kinasukumwa. Délice akakirudisha kundini, kikasukumwa tena. Akaona kichwani mwake kitanda chao kikiwa na mto mmoja. Aliona Tantine akipanda njia ya Bijombo na mfuko wake wa nguo, asigeuke.

Ndipo akakumbuka anachokijua yeye na wengine hawakijui. Courant huja baada ya kelele. Basi wanangoja nini, watu wote hawa, badala ya kupiga kelele?

Akatoka mbio mpaka kwa Irankunda, jirani yake wa rika moja, ambaye mama yake mzazi alisema sauti yake ingefaa kuita mitumbwi kutoka katikati ya ziwa.

"Tuite courant," Délice akasema.

"Iko wapi?"

"Sijui. Njo maana tunaiita."

Irankunda hakuhitaji maelezo zaidi. Wakakusanya watoto wa avenue, wenye viatu na wasio na viatu, wakapanda kwenye jiwe kubwa la mbele ya nyumba ya kinyozi, na Délice akahesabu kwa Kifaransa cha shuleni, "Un, deux, trois!"

"Heeeee! Couraaaant!"

Sasa, kelele ile Kasenga haina mwenyewe. Mtoto akiisikia, huipokea. Haangalii taa kwanza. Watoto wa avenue ya chini wakaipokea, wa avenue inayofuata wakaipokea, ikavuka ravini bila kulowa, na baadaye wako watu walioapa kwamba waliisikia mpaka mtaa wa Rugenge.

Na watu wazima wakainuka. Hapo njiapanda, kwenye mashine ya Ndayiragije, wanawake huacha mabeseni yao ya mahindi na mihogo mikavu yamepangwa kwenye foleni. Beseni hushika nafasi, mwenye beseni huenda kupika, kufua, kunyonyesha. Kelele zikisikika, kila mmoja hukimbia, maana beseni lisilo na mtu husukumwa nyuma bila huruma. Siku hiyo walikimbia kweli, kanga zimeshikwa mkononi, matope mpaka magotini, mmoja akiwa na mwiko. Kinyozi alimrudisha mteja kitini. Ndayiragije akainua swichi ya mashine yake. Kimya. Akaishusha, akaiinua. Kimya.

Ng'ambo ya ravini, Tantine Fanny alikuwa tayari amesimama mlangoni kwa Laurette, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, anatazama maji akitafuta pa kupita. Aliposikia kelele zile alishika kifua, akasema "Mungu asifiwe," akarudi akakaa.

Délice hakujua hilo. Yeye alikuwa amekimbia nyumbani kuona mwanga. Alimkuta Koko Marie amesimama ukutani, kidole kwenye kisanduku, analaumu.

"Nimeinua, hakuna kitu. Nani amepiga makelele? Batoto ba siku hizi banacheza na magoti ya bazee!" Akashusha swichi, akarudi kulala.

Chumbani kulikuwa giza la jioni ya mvua. Balbu ilining'inia vile vile. Délice aliitazama kwa mshangao mkubwa. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Kelele ilipigwa, Koko aliomba. Ilikosekana nini?

Akapata jibu, na jibu likampeleka mbio mpaka njiapanda, kwenye watu wengi zaidi.

Pale alikuta vita. Wanawake walikuwa wakimfokea Ndayiragije, Ndayiragije alikuwa akiwafokea wanawake, na kila mtu aliuliza ni mtoto wa nani aliyeanza. Délice akapenya katikati yao, akasimama mbele ya mabeseni.

"Tupige tena," akasema. "Bote pamoja. Tulipiga kidogo."

Watu wakamgeukia.

"Kumbe ni weye!" akasema Mama Amandine, mwanamke mpana aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni na ambaye hakuzoea kukimbizwa bure. "Juu ya nini unatudanganya, mutoto?"

"Sikudanganya. Nilikuwa naiita." Akaendelea kwa haraka, maana vifaranga havikuwa na muda. Akawaeleza yote: kelele, kisha maombi ya Koko, kisha taa, kila mara, hata mara moja haijakosea. Akawaeleza habari ya katoni. Akawaeleza kwamba vikifa, Tantine Fanny anarudi Bijombo.

Mmoja akacheka, kisha wengine, kisha Mama Amandine akawatazama na wakaacha.

"Ndayiragije," akasema, "umufasirie mutoto."

Ndayiragije akajifuta unga usoni, akakohoa. "Courant inatoka ku barrage. Kule turbine inazunguka, inatuma haute tension, inapitia mu transfo..."

Délice alimtazama mdomo.

"Weye iko nafasiria mutoto ao iko natafuta kazi?" Mama Amandine akamkata. "Kuyeni hapa, benye mabeseni. Tushikane mikono."

Wakajipanga barabarani, kwa kelele na kusukumana, mikono yenye unga ikishika mikono yenye matope. Mama Amandine akasimama mwisho wa juu.

"Minye niko maji ya muto Ruzizi, kule karibu na Bukavu. Niko naanguka na nguvu, nazungusha mashini kubwa. Ile mashini njo inazaa courant. Weye uliye karibu yangu ni waya wa Kamanyola. Weye, Luvungi."

"Minye siwezi kuwa Luvungi," akasema yule mwanamke. "Minye muzaliwa wa Sange."

"Basi badirisheni! Luvungi, Sange, kisha Kiliba, kisha siye hapa. Délice, weye ni taa. Funga macho. Ukisikia mukono umefinywa, njo courant imefika. Unasema heee."

Délice akafumba macho. Alisikia ravini, alisikia mtu akicheka huko Luvungi. Kisha vidole vya mwanamke aliye karibu naye vikamfinya.

"Heee!" akasema.

Mara ya pili ikafika tena, tena kwa haraka. Mara ya tatu akangoja. Akangoja sana. Mkono wa jirani yake ulikuwa pale pale, wa joto, lakini haukumfinya.

"Piga kelele sasa!" Mama Amandine akamwitia kutoka mbali. "Iite!"

"Heee! Courant!"

Hakuna kitu. Akapiga tena, mpaka koo likauma. Mkono haukufinya.

"Umesikia? Minye niko Bukavu, weye iko Kasenga. Kelele yako inabaki kwako. Na hata nikiisikia, nitafanya nini? Mikono imeachana."

Délice akafumbua macho. Mstari wote ulionekana umeshikana, nyuso zote hazina hatia.

"Nani ameachilia?"

Wengine walitazama angani.

"Njo vile," akasema Ndayiragije, taratibu sasa, akiacha yale maneno yake makubwa. "Siye tuko mwisho. Hatuoni nani ameachilia. Pengine nguzo imeanguka na hii mvua. Pengine muti. Tunajua tu haikufika."

"Na siku ingine hakuna aliyeachilia," akaongeza yule wa Sange. "Courant ni sawa bugali: ni kidogo, nyumba ni mingi. Banapa avenue hii leo, banapa ile kesho. Njo banaita délestage."

"Délestage si muntu?"

"Si muntu. Afazali angekuwa muntu, tungemupiga."

Délice akafikiri. Aliujua Ruzizi, mama yake alilima kando yake, na aliwahi kuuona ukiingia ziwani, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Akamgeukia Mama Amandine.

"Maji ya Ruzizi inatoka kule Bukavu, inafika hapa. Juu ya nini maji inafika, na courant haifiki?"

Mama Amandine akamtazama Ndayiragije, naye akatazama unga kwenye viatu vyake.

"Maji haipiti mu mikono ya bantu," Mama Amandine akasema hatimaye, na watu wengi pale walitikisa kichwa kwa kukubali, kila mmoja akiwa na lake la kufikiria.

Hapo ndipo zikaja. Kutoka chini, karibu na barabara kubwa, mbali: "Heee! Courant!"

Hakuna aliyetikisika.

"Hao tena," akasema kinyozi, aliyekuwa amekuja kutazama. "Leo bamekolewa."

"Uongo mutupu," akadakia mwingine. "Tusikimbie mara mbili."

Kelele zikapanda avenue moja, zikayumba, zikafa njiani. Watoto wenyewe hawakujua kama waziamini. Lakini Délice alisimama akisikiliza, na kitu kikamwingia kichwani.

"Ile si minye," akasema. "Minye niko hapa."

Watu wazima walikuwa wameanza kugombania mabeseni. Yeye akabaki anatazama mikono yake. Waya wa Kamanyola, wa Luvungi, wa Sange, wa Kiliba, nguzo ya Kasenga. Na baada ya nguzo?

"Papa Ndayiragije, kisha nguzo, mukono ni ya nani?"

"Ni ya mwenye nyumba." Akanyoosha kidole ukutani bila kutazama, kwenye kisanduku chake. "Ile pale. Disjoncteur. Minye nimeishusha, moteur isiungue."

Délice akakitazama kile kisanduku. Kidogo, cha kijivu, chenye kitu cha kuinua kwa kidole. Kilikuwa ndugu wa kile cha Koko. Kisha hawakumwona tena; waliona miguu yake tu ikirusha matope.

Koko Marie alikuwa amejifunika mpaka kidevuni.

"Koko, inua!"

"Siinui tena. Batoto ba leo ni baongo, na magoti yangu si ya kucheza."

"Koko, ile si maombi?"

"Nini?"

"Ile ya ukuta. Ni maombi ao ni mukono?"

Koko alimtazama mjukuu wake kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto ya mwingine. Délice hakuwa na maneno ya kutosha, kwa hiyo akaingiza mkono chini ya blanketi, akaushika mkono wa bibi yake, mkavu na wenye mishipa, akaanza kuufinya. "Hii Bukavu. Kamanyola. Luvungi. Sange. Kiliba. Nguzo." Akafinya kila mara. "Imefika ku ukuta, Koko. Weye njo mukono ya mwisho. Ni weye umeachilia."

Machozi yalikuwa yakimtoka sasa, na hakuyaficha. Chumbani vifaranga havikusikika kabisa.

Koko Marie akatupa blanketi, akasimama bila kushika magoti, jambo ambalo hata yeye alilishangaa baadaye, akaenda ukutani, akainua swichi kwa kidole.

Pa!

Délice hakupiga kelele. Alikimbia chumbani, akapiga magoti mbele ya katoni, akafunua kitenge. Vifaranga vilikuwa rundo moja la manyoya, kimya, macho yamefungwa. Mwanga ukavimwagikia. Hakuna kilichotikisika. Alitaka kuomba lakini alisahau maneno yote aliyofundishwa, hata ya mwanzo. Akangoja tu, kama alivyongoja kwenye mstari akiwa amefumba macho.

Bawa moja likasogea. Kisha rundo likaanza kulegea, polepole, kama watu wanaotoka kanisani. Kimoja kikasema kitu. Kingine kikajibu. Chenye doa jeusi kilikuwa pembeni peke yake, kimelala upande, miguu imenyooka. Délice akakichukua kwenye viganja, akakiinua karibu na balbu, akakipuliza kama alivyomwona Tantine akipuliza. Muda ulipita mrefu sana. Ndipo akahisi kitu kikimkwaruza kiganjani: kucha ndogo, zinajikunja.

Akakirudisha katikati ya wenzake. Akaenda mlangoni, akavuta pumzi.

"Heee! Courant!"

"Nyamaza, muongo!" ikajibu nyumba ya jirani.

Lakini huko njiapanda, Ndayiragije alikuwa amesimama akitazama alama za miguu midogo kwenye matope. Hakuwa na uhakika wa kitu chochote. Akaenda tu ukutani kwake, akainua. Mashine ikanguruma mpaka mabeseni yakatetemeka, na hapo Kasenga nzima ilipiga kelele za siku mbili kwa mara moja.

Tantine Fanny akaingia jua linazama, ravini ilipokubali mtu mzima kuvuka. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa na misuko mizuri, upande mwingine ulisimama kama majani ya shamba lililoachwa. Alikuwa anahema. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akainama juu ya katoni, akakaa pale ameinama.

"Nilisikia batoto," akasema, bila kugeuka. "Nikarudi nikakaa. Kisha naangalia kwa Laurette, taa haiko. Nikasema, basi, bimekwisha kufa, na minye niko nasukwa."

Délice alisimama nyuma yake. Angeweza kunyamaza. Koko alikuwa amenyamaza juu ya swichi yake.

"Kelele ya kwanza ni ya minye, Tantine. Courant haikukuwako. Nilifikiri inaitwa na kelele."

Tantine akageuka. Alimtazama muda mrefu, na Délice alitazama mfuko wa nguo uliokuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Unarudia Bijombo?"

Tantine akainua mkono, akajigusa upande uliosukwa, kisha upande ambao haukusukwa.

"Na hii kichwa?" akasema. "Batanifukuza na fimbo."

Akacheka, na kicheko kikavunjika katikati, akaketi chini sakafuni palepale. Délice akaketi kando yake. Ndani ya katoni vifaranga vilikuwa vinagombania chakula, na kile kidogo chenye doa jeusi kilikuwa kimelala juu ya chakula chenyewe. Délice akautafuta mkono wa Tantine kwenye giza la chini ya kitanda, akaushika, akaufinya mara moja.

"Imefika?" akauliza.

Tantine hakujua mchezo ule. Hakuna aliyemweleza. Lakini naye akafinya.

"Imefika," akasema.